Makali na Mng'ao: Namna ya Kuchagua Kompaundi ya Kung'arishia Rangi ya Gari

Mada iliyotolewa na Ofisi ya Uratibu wa Miradi ya Dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za miradi za sharika na wageni wafadhili, katika karakana ya mafunzo ya ufundi magari.



Tunawashukuru kwa kufika, na kwa kukubali kukaa kwenye mabenchi ya karakana badala ya viti vya ukumbini. Tuliomba mada hii ifanyike hapa kwa sababu ni mada ya kuona kwa macho na kugusa kwa mkono. Mbele yenu ipo boneti ya gari, rangi ya bluu iliyokoza, na baadaye kidogo tutaihitaji.

Tunajua wapo kati yenu wanaojiuliza moyoni: sharika zina shida ya maji, paa za madarasa zinavuja, na Ofisi ya Miradi imetuita kuzungumzia polishi ya magari? Swali hilo ni la haki na tutalijibu kwanza.

KWA NINI TUZUNGUMZIE JAMBO HILI

Karakana hii inafundisha vijana na wakati huohuo inapokea kazi za wateja. Fedha za wateja ndizo zinazonunua msasa, thina na vifaa vingine vya kujifunzia pale ruzuku inapochelewa. Kati ya kazi zote za rangi, kung'arisha ndiyo yenye mtaji mdogo kuliko zote: mashine moja, pedi chache, chupa mbili za dawa, maji na kivuli. Kijana aliyehitimu anaweza kuanza nayo kabla hajapata uwezo wa kununua kompresa na bastola ya kupulizia rangi.

Lakini hiyohiyo ni kazi ambayo kijana anaweza kumharibia mteja gari lake huku mteja akitabasamu. Gari linaondoka likimeta, fedha inalipwa, na baada ya kuoshwa mara mbili tatu mikwaruzo yote inarudi. Au linatokea baya zaidi: mikwaruzo hairudi, lakini rangi imeliwa mno, na hakuna anayejua mpaka jua la miezi kadhaa litakapofichua.

Tuliwahi kuletewa gari dogo jeusi lililokuwa limeng'arishwa mara kadhaa katika karakana nyingine, ambayo hatutaitaja. Kwenye kingo za boneti na juu ya paa, tabaka la kinga lilikuwa limekwisha. Rangi ilibaki wazi kama ngozi iliyochubuka. Hakukuwa na kompaundi yoyote ya kusaidia pale. Mwenye gari alihitaji kupuliza rangi upya, na gharama ya kazi hiyo huwezi kuiweka kwenye mizani moja na bei ya chupa ya polishi.

Kwa hiyo hoja yetu leo ni hii: kila kompaundi ina mambo mawili, makali na mng'ao. Mteja hulipia mng'ao, lakini gari hulipia makali. Fundi asiyejua kuyatofautisha haya mawili anatumia mali ya mtu mwingine bila kuhesabu.

RANGI YA GARI INA UNENE GANI?

Magari mengi ya barabarani kwetu yameingia nchini yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Rangi ya kiwandani huwekwa kwa matabaka. Chini kabisa, juu ya bati, kuna dawa ya kuzuia kutu. Juu yake kuna praima, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na juu ya yote kuna klia. Klia ni tabaka angavu mfano wa kioo. Ndiyo inayotoa mng'ao, na ndiyo inayokinga rangi ya chini dhidi ya miale ya jua.

Sasa tuangalie vipimo. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu moja ya milimita. Kwenye gari ambalo rangi yake bado ni ya kiwandani, matabaka yote kwa pamoja huwa na unene wa takriban mikroni 100 hadi 150. Kati ya hizo, klia ni takriban 40 hadi 50. Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ya gramu 80, ina unene wa mikroni 100 hivi. Tunawaomba kila mmoja ashike kona ya karatasi ya ratiba aliyopewa mlangoni. Klia yote ya gari ni nusu ya unene huo. Kila tunapozungumzia kukata kwa kompaundi, tunakata ndani ya nusu hiyo ya karatasi, na kilichokatwa hakioti tena.

Mkwaruzo wenyewe ni kama bonde. Kompaundi haijazi bonde. Inashusha vilima vya pembeni mpaka vilingane na sakafu ya bonde, ndipo mkwaruzo unapotoweka. Ndiyo maana mkwaruzo mdogo unaondoka kwa gharama ndogo na mkwaruzo mrefu kwenda chini unadai klia nyingi. Mafundi wana kipimo chao cha haraka: pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, na ukucha ukinasa, kwa kawaida mkwaruzo huo ni wa kina kuliko unavyopaswa kuufuata kwa kompaundi. Ni afadhali kuulainisha kingo na kuuacha kuliko kutoboa klia.

Magari ya zamani, na mengine yaliyopulizwa rangi upya mitaani, hayana klia kabisa. Ni rangi tupu hadi juu. Kuyatambua ni rahisi: weka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua sehemu iliyojificha, kisha tazama kitambaa. Kikishika rangi ya gari, gari hilo halina klia. Rangi ya namna hiyo ikipauka huacha unga kwenye kiganja. Huitikia kompaundi vizuri mno, hata fundi hudanganyika akaendelea kusugua, kumbe rangi yenyewe inaishia kwenye pedi.

MAKALI NI NINI?

Ndani ya kompaundi kuna chembe ngumu zilizochanganywa na maji, mafuta na vilainisho. Chembe hizo ndizo zinazokata. Katika kompaundi nyingi za kisasa ni alumini oksaidi, jamii moja na madini ambayo kwenye mizani ya ugumu ya Mohs hupata 9, wakati almasi ni 10. Chembe zikiwa kubwa na ngumu, makali huwa makubwa. Zikiwa ndogo kama vumbi, kazi yake ni kulainisha tu.

Ili kupata picha, tulinganishe na msasa. Msasa wa namba P1500 una chembe za wastani wa mikroni 12 na nusu hivi, na P2000 zina mikroni 10 hivi. Fundi akisugua rangi mpya kwa maji na msasa wa P2000 ili kuondoa mabonde yanayofanana na ganda la chungwa, anaacha mikwaruzo midogo kila mahali, na boneti inakuwa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Mikwaruzo hiyo ndiyo kazi halali ya kompaundi kali. Lakini gari ambalo lina alama za kitambaa cha kufutia vumbi tu halihitaji dawa hiyo.

Zipo pia tabia mbili za chembe. Aina ya kwanza huvunjika kadiri unavyosugua. Inaanza kali na kumaliza laini. Ukiiacha katikati ya kazi, kabla haijasagika, inaacha mikwaruzo yake yenyewe. Aina ya pili haivunjiki, chembe zake hubaki na ukubwa uleule toka mwanzo hadi mwisho, na fundi hupunguza makali kwa kulegeza mkono na kubadilisha pedi. Mwanafunzi anayehama kutoka aina moja kwenda nyingine bila kuambiwa hupata matokeo mabaya kwa mikono ileile iliyofanya vizuri jana. Kwa hiyo maelezo ya chupa yasomwe kabla ya kifuniko kufunguliwa.

MNG'AO NI NINI?

Mng'ao ni mwanga unaorudi. Juu ya uso ulionyooka, mwanga wa taa hurudi kwa njia moja, nasi tunaiona taa ile kama kwenye kioo. Juu ya uso wenye mikwaruzo midogo, mwanga hutawanyika, na jicho huona ukungu au utando wa buibui kulizunguka jua.

Viwandani mng'ao hupimwa kwa chombo kinachomulika uso kwa pembe maalumu na kusoma mwanga unaorudi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2813 kinatumia pembe za nyuzi 20, 60 na 85. Nyuzi 60 ni za matumizi ya kawaida, na nyuzi 20 hutumika kwa nyuso zinazong'aa sana kama rangi ya gari. Hata hivyo, chombo hicho hakioni kila kitu. Paneli mbili zinaweza kutoa namba zinazokaribiana, na juani moja ikaonekana safi na nyingine ikawa na ukungu.

Hapa karakani hatuna chombo hicho, na kwa kazi zetu si cha lazima. Tunatumia gazeti. Shikeni gazeti wima juu ya boneti na jaribuni kusoma kichwa cha habari ndani ya rangi. Herufi zikiwa na kingo kali, uso umenyooka. Zikionekana zimevimba au zimefifia, kazi haijaisha. Kisha toeni gari nje na mtazame jua likijiakisi juu ya paneli, maana taa ya karakana huficha mengi.

Sasa tufike kwenye jambo linalowakosesha wengi. Mng'ao unaweza kuletwa na njia mbili. Ya kwanza ni uso kuwa laini kweli. Ya pili ni mafuta. Mafuta, nta na vijazio vilivyomo kwenye dawa nyingi huingia ndani ya mikwaruzo na kuifunika, na mwanga unarudi vizuri kana kwamba mikwaruzo haipo. Wanaopaka magari dizeli au mafuta ya taa ili yamete wanatumia kanuni hiyohiyo kwa njia mbaya kuliko zote, kwani utando wa mafuta hukusanya vumbi, na vumbi likifutwa kwa kitambaa huleta mikwaruzo mipya.

BONETI ILIYO MBELE YENU

Sasa tuigeukie boneti. Ni ya gari lililokwisha kufutwa barabarani, kwa hiyo hatuogopi kuitumia. Walimu wameigawa katika sehemu nne kwa tepu ya karatasi. Sehemu zote zilikuwa na mikwaruzo ya aina moja, ile ya kufutwa vumbi kavu kwa miaka mingi.

Sehemu ya kwanza ilipigwa kompaundi kali kwa pedi ya manyoya ya kondoo. Ya pili ilipigwa kompaundi hiyohiyo kwa pedi ya sponji. Ya tatu ilipigwa polishi ya makali ya kati kwa sponji. Ya nne ilipigwa polishi ya kumalizia peke yake kwa sponji laini.

Mara baada ya kazi, kabla ya kufuta kwa spiriti, mtu akiulizwa ipi inang'aa zaidi angeionyesha ya nne. Inapendeza, ni nyeusi na yenye kina. Kama tungekuwa tunauza kazi kwa jicho la mteja wa haraka, tungeishia hapo.

Walimu wakachanganya spiriti na maji, wakafuta sehemu zote nne ili kuondoa mafuta. Tazameni sasa. Sehemu ya nne imerudi na karibu mikwaruzo yake yote. Polishi ile ilifanya kazi yake ya kulainisha, lakini haikuwa na makali ya kushusha vilima. Mengi yaliyoonekana yalikuwa mafuta. Sehemu ya kwanza haina mikwaruzo ya zamani hata mmoja, ila imejaa ukungu, na ukiinama utaona michirizi iliyofuata njia ya pedi ya manyoya. Sehemu ya pili ina ukungu mdogo zaidi, na mikwaruzo michache mirefu imebaki. Ya tatu ndiyo ya kushangaza wengi: mikwaruzo mingi imeondoka, mng'ao umebaki hata baada ya spiriti, na klia iliyotumika ni kidogo kuliko kwenye ile ya kwanza.

Nusu ya sehemu ya kwanza ilirudiwa kwa polishi ya kumalizia. Hiyo nusu ndiyo safi kuliko zote katika boneti nzima. Mnaona basi kwamba makali na mng'ao vinafuatana kama jembe na reki. Jembe linavunja udongo, reki inasawazisha. Shamba ambalo halina magugu mazito halihitaji jembe, na shamba lililolimwa likaachwa bila reki halijakamilika.

Kutokana na boneti hii tunawafundisha vijana kanuni moja: anza na dawa laini zaidi kwenye eneo dogo, lenye upana wa viganja viwili. Futa kwa spiriti. Tazama juani. Isipotosha, panda ngazi moja tu. Ukishapata dawa inayotosha, ndiyo utumie gari zima. Majaribio hayo huchukua dakika chache, na yanaokoa klia ambayo mwenye gari hawezi kuinunua tena dukani.

PEDI, MASHINE NA MKONO WA FUNDI

Mmeona kwamba sehemu ya kwanza na ya pili zilitumia chupa moja na zikatoa matokeo tofauti. Makali hayapo kwenye chupa peke yake. Pedi ya manyoya hukata zaidi, sponji ngumu hufuata, na sponji laini ni ya kumalizia. Pedi iliyojaa masalia ya kompaundi hukata vibaya na kupata joto, kwa hiyo isafishwe kwa brashi mara kwa mara. Pedi ya kompaundi kali isitumiwe kamwe kwa polishi ya kumalizia, hata ikiwa imeoshwa. Chembe chache zilizojificha ndani yake zinatosha kuchora paneli nzima.

Mashine zipo za aina mbili. Moja huzunguka kwenye mhimili mmoja. Hukata haraka, huleta joto, na ndiyo inayoacha michirizi ikishikwa vibaya. Nyingine huzunguka huku ikiyumba, inakata polepole na inamsamehe anayejifunza. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza tunashauri hii ya pili.

Tunawaonya pia vijana dhidi ya tabia ya kufunga pedi kwenye grainda ya kukatia chuma. Mashine ya kung'arishia hufanya kazi kati ya mizunguko 600 na 2,000 hivi kwa dakika. Grainda ndogo huzunguka karibu mara 11,000. Kwa mwendo huo rangi huungua kabla fundi hajainua mkono, na pedi inaweza kuchomoka na kumjeruhi mtu.

Kingo za milango, mistari ya boneti na pembe za mabampa huwa na rangi nyembamba, na pedi huzikandamiza zaidi. Zifunikwe kwa tepu. Bampa la plastiki halipotezi joto kama bati, kwa hiyo mwendo upunguzwe. Kazi yote ifanyike kivulini, paneli ikiwa imepoa. Paneli ya moto hukausha dawa kabla haijafanya kazi.

MAMBO YA KUANGALIA DUKANI

Kwanza, maneno ya chupa. Viwanda vingi huandika kiwango cha makali na kiwango cha mng'ao. Kiwanda cha Menzerna cha Ujerumani, kwa mfano, huzipa dawa zake namba: ile ya 400 ni kali, za elfu mbili na kitu ni za kati, na za elfu tatu na kitu ni za kumalizia. Namba inavyopanda, makali yanashuka, kama namba za msasa. Lakini viwango hivyo ni vya kiwanda chenyewe. Huwezi kuchukua "makali 8" ya kiwanda hiki ukasema ni sawa na "makali 8" ya kiwanda kile. Ndiyo maana tunashauri kununua dawa kali na ya kumalizia za kiwanda kimoja, zilizotengenezwa kufuatana.

Pili, silikoni. Karakana inayopuliza rangi ijihadhari na dawa zenye silikoni. Masalia yake yakibaki kwenye bati au hewani, rangi mpya hukataa kushika na kufanya vishimo vya mviringo ambavyo mafundi huviita macho ya samaki. Tafuteni chupa iliyoandikwa kwamba haina silikoni.

Tatu, dawa za kupima. Sokoni kuna kompaundi inayouzwa kwa kumiminwa kwenye chupa za soda au mifuko. Bei yake inavutia. Lakini haina jina wala tarehe, na hakuna anayejua kama ni kali au laini. Pia neno "kompaundi" hutumika kwa dawa ya kusagia valvu za injini. Hiyo ni ya chuma, na ikigusa rangi ya gari ni hasara tupu.

Nne, bei. Tusilinganishe bei ya chupa kwa chupa. Tulinganishe gharama ya gari moja: dawa iliyotumika, pedi iliyochakaa, umeme, na saa za fundi. Dawa ya bei ndogo inayohitaji kurudiwa mara tatu inaweza kuwa ndiyo ya ghali.

MAGARI YA DAYOSISI NA YA SHARIKA

Wageni wetu wafadhili wametusaidia kupata magari, nao wana haki ya kujua yanavyotunzwa. Msimamo wa ofisi yetu ni kwamba gari linalokwenda vijijini kwenye barabara za vumbi halihitaji mng'ao wa maonyesho. Kulipiga kompaundi kali kila mwaka ili lipendeze kwenye mkutano ni kulipunguzia maisha.

Linachohitaji ni kuoshwa vizuri. Mikwaruzo mingi tunayoitibu hapa husababishwa na kufuta vumbi kavu kwa kitambaa kila asubuhi. Vumbi la barabara zetu lina mchanga ndani yake, na kitambaa huugeuza kuwa msasa. Dereva amwage maji mengi kwanza, vumbi liondoke lenyewe. Kisha atumie ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sponji, kuanzia juu kwenda chini. Sabuni ya unga ya kufulia isitumike, kwani huondoa nta. Kinyesi cha ndege kioshwe mapema kabla jua halijakikaanga juu ya rangi.

Baada ya hapo, nta. Nta haikati chochote wala haiondoi mkwaruzo. Kazi yake ni kuweka tabaka jembamba la kinga linalotupa maji na kupunguza uchafu kushika. Huisha kwa wiki au miezi michache, na hupakwa tena kwa mkono bila mashine. Nta inayosifiwa zaidi, ya carnauba, hutoka kwenye majani ya aina ya mnazi unaoota Brazili.

Kompaundi kali kwa magari yetu tunaiweka kwa nyakati mbili tu: paneli inapopulizwa rangi upya baada ya ajali, na gari linapoandaliwa kuuzwa likiwa bado na klia ya kutosha.

USALAMA WA WANAFUNZI

Kompaundi ikikauka hugeuka vumbi laini. Mwanafunzi avae miwani na kizuia vumbi puani na mdomoni. Waya wa mashine upitishwe begani, usiburuzwe kwenye maji ya kuoshea. Nywele ndefu zifungwe, na mikufu ivuliwe. Spiriti ya kufutia isiwekwe karibu na jiko la chai wala mahali pa kuchomelea.

MAPENDEKEZO KWA KAMATI

Ndugu wajumbe, tunaleta kwenu mapendekezo yafuatayo ili myajadili:

1. Karakana inunue ngazi tatu za dawa za kiwanda kimoja, yaani kali, ya kati na ya kumalizia, badala ya ndoo kubwa ya kompaundi kali peke yake. Dawa ya kati ndiyo itakayotumika zaidi.

2. Kila ngazi iwe na pedi zake, zilizowekwa alama na kutunzwa kwenye mifuko tofauti.

3. Kila gari la mteja lifutwe kwa spiriti kabla ya kukabidhiwa, mbele ya mteja mwenyewe, naye aone kazi bila mafuta. Kama kuna mkwaruzo uliobaki, aambiwe kwa nini umeachwa.

4. Pawe na daftari la kila gari: tarehe, sehemu iliyopigwa, dawa iliyotumika. Gari likirudi baada ya mwaka, fundi ajue klia imekwisha kuguswa mara ngapi.

5. Wafadhili wakiona inafaa, watusaidie kupata kipimo cha unene wa rangi. Ni chombo cha kushika mkononi. Kile cha kawaida husoma juu ya bati na si juu ya plastiki, lakini kwa boneti, paa na milango kingetuonyesha mahali pa kusimama.

6. Sharika zenye magari ziwape madereva wao ndoo mbili, sponji na nta. Gharama yake ni ndogo, na itapunguza magari yanayoletwa hapa kung'arishwa.

Tunajua pendekezo la sita linaipunguzia karakana yetu kazi. Tumeliweka kwa makusudi. Kijana anayemwambia mteja, "Baba, gari lako halihitaji kompaundi, lioshe hivi na upake nta," atapoteza malipo ya siku hiyo. Lakini mteja huyo siku atakapogongwa na kuhitaji kupuliza rangi mlango mzima, atajua pa kulipeleka gari lake. Biashara za wahitimu wetu zitasimama juu ya wateja wa namna hiyo.

Sasa tunawaomba msogee kwenye boneti kwa makundi ya watu watano watano. Vijana wameandaa sehemu ya tano, ambayo bado haijaguswa. Kila kundi litapewa chupa tatu, pedi tatu na spiriti, nalo lituambie lingeanza na ipi na kwa nini. Baada ya hapo tutapokea maswali.